Kura ya Mtu na Mpaka wa Eneo: Haki katika Uchaguzi wa Rais wa Marekani

Rais wa Marekani hachaguliwi moja kwa moja na wananchi, bali na wajumbe 538, ambao kila jimbo hupewa kwa kadiri ya idadi ya wawakilishi na maseneta wake katika Kongresi, yaani Bunge la nchi hiyo, huku mji mkuu wa Washington ukipewa wajumbe 3. Katiba imeyaachia mabunge ya majimbo uamuzi wa namna ya kuwapata wajumbe hao, na majimbo 48 yameamua kwamba mgombea anayeongoza, hata kwa kura chache, awatwae wote. Maine, tangu uchaguzi wa 1972, na Nebraska, tangu ule wa 1992, hufuata njia nyingine: mshindi wa jimbo zima hupata wajumbe wawili, na kila eneo bunge, yaani sehemu inayomchagua mwakilishi mmoja, humpa mjumbe mmoja yule aliyeongoza humo. Ndiyo maana Omaha na viunga vyake vilimpatia Barack Obama mjumbe mmoja mwaka 2008, ilhali Nebraska kwa jumla ilimchagua John McCain.

Wanaotaka njia hii ienezwe nchi nzima wana hoja nzito ya kimaadili. Kwa kuwa idadi ya wajumbe hutegemea kwa sehemu kubwa idadi ya watu, mpigakura wa upande ulioshindwa hanyimwi sauti tu, bali uwepo wake jimboni humwongezea nguvu mgombea aliyemkataa. James Madison, mmoja wa waasisi wa Katiba, aliipendelea njia ya maeneo katika barua yake ya mwaka 1823. Thomas Jefferson, mwasisi mwingine wa taifa hilo, naye alikwisha kukiri mwaka 1800 kwamba ingekuwa bora iwapo wote wangeifuata, lakini aliona ni upumbavu jimbo moja kujigawa wakati mengine yanasimama kwa kauli moja. Na Virginia, jimbo lake, ikaiacha njia hiyo mwaka huohuo. Hapa pana swali la kale la maadili, kama mtu anawajibika kutii kanuni njema ambayo wenzake hawaitii, na jibu la Jefferson lina uzito, kwa sababu kanuni ambayo haki yake hutokana na kufuatwa na wote haiwezi kumfunga mmoja peke yake.

Hata hivyo, kufuatwa na wote hakungetosha. Mpaka wa jimbo umewekwa na historia, lakini mipaka ya maeneo bunge huchorwa upya kila baada ya sensa ya miaka 10, mara nyingi na wanasiasa wenye masilahi katika matokeo, ambao huwarundika wapinzani wao katika maeneo machache na kuwatawanya waliobaki wasifikie wingi popote. Mwaka 2012 Obama alishinda Pennsylvania, lakini Mitt Romney aliongoza katika maeneo 13 kati ya 18 ya jimbo hilo. Na lau njia ya Maine ingetumika nchi nzima, Romney angekuwa rais kwa wajumbe 274, ingawa Obama alimzidi kwa kura za wananchi zipatazo milioni 5. Hata mchoraji mwadilifu asingeliondoa tatizo lote, maana wafuasi wa chama kimoja wakisongamana mijini, ushindi wao mkubwa huko huhesabiwa sawa na ushindi mwembamba wa wenzao kwingineko.

Kosa la msingi ni kuuhamishia urais kipimo cha Bunge. Bunge lina viti vingi, na aliyeshindwa katika eneo lake huweza kupata msemaji wa fikra zake kutoka eneo jingine. Urais ni kiti kimoja kisichogawanyika, na anayekikalia huwatawala wote kwa usawa. Kwa hiyo, anayestahili kuhesabiwa katika kukijaza ni raia, si eneo. Lalamiko la wanaotetea maeneo bunge ni la haki, lakini kuwagawa wajumbe wa kila jimbo kwa uwiano wa kura, au kuzihesabu kura zote za taifa kwa pamoja, kungelijibu bila kumkabidhi mchora mipaka uwezo wa kumteua rais.