Hesabu ya Uhai Mdogo

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Mwanzo 1:24–31; 2:15–20; Kumbukumbu la Torati 22:6, 7; Mithali 6:6–8; Yona 4:11; Luka 12:6, 7; Warumi 8:19–22.

Fungu la kukariri: Mithali 12:10.

Familia nyingi za Waadventista zina desturi ya kutembea nje Sabato mchana na kutazama kazi za Mungu. Shirimatunda, pembezoni mwa mji wa Moshi, mawingu yakifunguka macho huenda yenyewe juu, kwenye theluji ya Kibo. Lakini Mithali 6:6 humwelekeza mwanafunzi atazame chini, kwa chungu, na kujifunza njia zake. Agizo hilo ni la kwenda na kuangalia.

Chukua mfano. Mwalimu wa Watafuta Njia anawapeleka watoto wa Shirimatunda, siku ya Jumapili, hadi msitu wa Rau, upande mwingine wa mji, kwa ajili ya somo la wadudu. Chini ya mti wa msoo wanamkuta buibui ambaye hakuna anayemjua jina. Mwalimu anatoa chupa yenye spiriti. Mtoto mmoja anauliza, “Mwalimu, kwani ni lazima afe ndiyo tumjue?”

Wenzake wanacheka, lakini swali hilo ni zito kuliko linavyosikika. Je, ni halali kuondoa uhai mdogo ili kupata maarifa? Na kama ni halali, kwa masharti gani?

JUMAPILI: Shomoro wa Tano

Linganisha Mathayo 10:29 na Luka 12:6. Bei ilikuwa nini, na shomoro wa tano alitoka wapi?

Sokoni shomoro wawili waliuzwa kwa senti moja. Aliyetoa senti mbili alipewa watano. Yule wa tano alikuwa nyongeza tu, kama nyanya moja ambayo muuzaji wa soko la Mbuyuni huweka juu ya fungu ili mteja arudi kesho. Hakuwa na bei. Yesu hasemi kwamba Mungu anamkumbuka shomoro huyo kwa sababu ana faida. Anasema kwamba hasahauliki.

Mwanzo 1:24, 25 inafundisha jambo hilo hilo. Viumbe vitambaavyo viliumbwa, navyo vikaonekana kuwa vyema, kabla mwanadamu hajaumbwa. Hakukuwa bado na mtu wa kula asali. Wema wao haukutegemea matumizi ya mtu yeyote. Kwa hiyo anayesema “ni mdudu tu” amempima kiumbe kwa bei ya sokoni.

Hata hivyo, Luka 12:7 inaongeza kwamba mtu ana thamani kuliko shomoro wengi. Kweli hizi mbili hukaa pamoja. Mtu ni bora kuliko buibui, na buibui hasahauliki. Kosa huanza pale mtu anapotumia kweli ya kwanza kuifuta ya pili.

JUMATATU: Ruhusa Yenye Mpaka

Je, basi, kuua mdudu ni dhambi? Biblia haisemi hivyo. Walawi 11:22 iliwaruhusu Waisraeli kula aina kadhaa za nzige, na Yohana Mbatizaji alikula nzige jangwani (Mathayo 3:4). Mama anayemuua mbu ili mwanawe asipate malaria hana sababu ya kutubu. Mkulima anayemtoa bungua kwenye shina la mbuni analinda chakula cha nyumba yake na ada ya watoto.

Soma Kumbukumbu la Torati 22:6, 7. Ni nini kinachoruhusiwa hapa, na ni nini kinachokatazwa?

Msafiri aliyekuta kiota njiani aliruhusiwa kuchukua makinda, lakini ilimpasa amwache mama yao aende. Huenda alikuwa na njaa, na mama angeongeza nyama chunguni. Hata hivyo, mkono ulioruhusiwa kuchukua ulifundishwa pia kuacha. Ruhusa ilikuja pamoja na mpaka wake.

Ndivyo ilivyo mamlaka ambayo mwanadamu alipewa. Mwanzo 2:15 inaweka kulima na kutunza katika kazi moja. Mithali 12:10 inasema juu ya mwenye haki na uhai wa mnyama wake. Ng'ombe akiteswa hulia, na majirani husikia. Buibui hana sauti ya kumshtaki mtu. Kwa sababu hiyo, jinsi mtu anavyomtendea kiumbe asiye na sauti huonyesha vizuri zaidi kilichomo moyoni mwake.

JUMANNE: Mlima Uliotazamwa kwa Karibu

Kwa nini watu wazima, wenye elimu, huwakamata wadudu? Kilimanjaro ina jibu refu. Mwaka 1905 na 1906 msafara wa Wasweden ulioongozwa na Yngve Sjöstedt ulikusanya wadudu, buibui na wanyama wengine Kibongoto, mlimani Kilimanjaro, Meru na katika nyika ya Wamasai. Matokeo yalichapishwa katika majuzuu matatu kati ya 1907 na 1910. Hata hivyo kazi haikuisha. Mwaka 2001 mtafiti Claudia Hemp alimweleza kwa mara ya kwanza mdudu aliyepewa jina Aerotegmina kilimandjarica, jamaa ya senene, anayeishi juu kwenye vilele vya miti ya msitu wa mlima huo. Vizazi kwa vizazi vya watu vilipita chini yake, naye hakuwa katika orodha yoyote ya wanasayansi.

Kuanzia 2010 watafiti wa Tanzania na Ujerumani walichunguza viwanja 60, kutoka nyika ya chini hadi juu ambako majani ni haba. Walifukia vikombe ardhini, midomo ikiwa sawa na udongo, ili wadudu na buibui watembeao watumbukie. Ripoti yao ya 2016 ilionyesha jambo la kunyenyekeza. Walipochunguza kundi moja moja la viumbe, kila kundi lilitoa sababu yake ya kuwa na aina nyingi mahali fulani na chache mahali pengine. Walipoyaweka makundi mengi pamoja, joto ndilo lililojitokeza kuwa sababu kubwa. Aliyetazama mchwa peke yao, au buibui peke yao, angeweza kusema kweli juu ya kundi lake na bado akakosea juu ya mlima.

Soma Mithali 18:13. Onyo hilo linamhusu vipi mtu anayetoa hukumu juu ya kiumbe ambacho hajakitazama?

JUMATANO: Mdudu Asiye na Lebo

Si kila elimu hudai kifo. Katika utafiti juu ya kahawa ya Kilimanjaro uliochapishwa mwaka 2014, watafiti walifunika mibuni kwa nyavu ili ndege na popo walao wadudu wasiifikie, na maua mengine wakayafunika ili nyuki wasiyaguse. Ndege na popo walipozuiwa, matunda yaliyoshika yalipungua kwa karibu asilimia 9. Maua yaliyotembelewa na wachavushaji yalitoa matunda yenye uzito uliozidi kwa takriban asilimia 7. Maarifa hayo yalipatikana kwa wavu, subira na kuhesabu.

Lakini kuna mambo ambayo kutazama tu hakutoshi. Buibui wengi hawawezi kutofautishwa mpaka viungo vyao vidogo vichunguzwe kwa hadubini. Na kiumbe akipewa jina jipya, huhifadhiwa kielelezo chake ili mtu mwingine aweze kukagua kama aliyempa jina alisema kweli. Msingi wake unafanana na ule wa Kumbukumbu la Torati 19:15: neno la mtu mmoja halitoshi.

Hapo ndipo lebo inapoingia. Chini ya kila mdudu aliyehifadhiwa vizuri kuna kikaratasi kidogo chenye mahali, tarehe, mwinuko na jina la aliyemkamata. Mdudu mwenye lebo aweza kutoa ushahidi miaka 100 baadaye juu ya kile kilichokuwa kikiishi mteremkoni. Mdudu asiye na lebo hana la kusema, hata akiwa mzuri kiasi gani. Wote wawili walikufa kifo kile kile, lakini kifo cha mmoja kilipotezwa bure kwa uvivu wa mtu.

Kwa hiyo kabla ya kufungua chupa kuna maswali matatu. La kwanza ni la haja: je, kuna swali la kweli ambalo haliwezi kujibiwa kwa njia nyingine? La pili ni la kiasi: je, kinachochukuliwa ni kile tu kinachohitajika? La tatu ni la hesabu: je, kuna atakayeandika, kutunza na kuwajibika?

Kwa watoto wa Shirimatunda jibu ni wazi. Haja yao ni kujifunza kutazama. Buibui awekwe kwa dakika chache katika kopo linalopitisha mwanga, miguu yake minane ihesabiwe, achorwe au apigwe picha, kisha arudishwe pale pale alipokuwa. Mwalimu aifunge chupa bila aibu, wala asiwafundishe watoto kwamba mtafiti mwaminifu ni muuaji.

ALHAMISI: Vifo Visivyoandikwa

Ni rahisi kumhurumia buibui mmoja aliye ndani ya chupa kwa sababu anaonekana. Vigumu ni kuwaona wale wanaokufa bila mtu kukusudia.

Katika mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, sehemu kubwa ya msitu wa chini iligeuka zamani kuwa vihamba na mashamba. Kihamba chenye migomba, mibuni na miti mikubwa kama mruka na mringaringa bado ni nyumba ya viumbe wengi. Miti hiyo ikikatwa yote, wenyeji wake huondoka au hufa, na hakuna anayeandika lebo. Mtu anayepuliza dawa wakati maua yamefunguka huwaua nyuki pamoja na wadudu waharibifu. Hakuwachukia nyuki. Hakuwafikiria tu.

Watu wanahitaji nyumba, na mkulima hawezi kuwaachia kunguni wa kahawa mavuno yake. Hakuna anayemwomba aache. Anaombwa ajiulize maswali yale yale matatu. Haja: je, aligeuza jani akamwona mdudu, au alipuliza kwa sababu jirani amepuliza? Kiasi: je, alifuata kipimo? Hesabu: je, anajua kilichotokea baadaye shambani mwake? Wahenga walisema, mdharau mwiba mguu huota tende. Mkulima aliyewapoteza nyuki na ndege wake huona hasara hiyo kwenye mizani ya kahawa.

Lakini hasara siyo sababu ya mwisho. Soma Yona 4:11. Mungu anapotaja kilichomfanya auhurumie mji wa Ninawi, anamalizia na nani? Nabii alikuwa amewasahau kabisa. Mungu alikuwa amewahesabu.

Mtu anayelia kwa ajili ya chupa moja na kufyeka kijito kizima bila kufikiri hajawa na huruma bado. Vivyo hivyo, mtafiti anayejua majina 1,000 na haoni uchungu wowote amejifunza nusu tu ya somo.

IJUMAA: Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Mwanzo 2:19, 20 na 1 Wafalme 4:33. Adamu aliwapa wanyama majina, na hakuna aliyekufa ili apewe jina. Waliletwa kwake wakiwa hai. Sulemani naye alinena juu ya viumbe vitambaavyo, na jambo hilo likaandikwa kama sehemu ya hekima yake.

Maarifa yanayopatikana leo kwa kifo ni maarifa ya ulimwengu ulioanguka. Yanaweza kuwa halali, na yanaweza kuuokoa msitu, lakini hayafai kuwa jambo la kujivunia. Warumi 8:19–22 inasema viumbe vyote vinaugua pamoja, na Isaya 11:9 inaelekeza kwenye siku ambayo hakutakuwa na kudhuru wala kuharibu. Anayeitazamia siku hiyo huanza sasa kuulegeza mkono wake. Akilazimika kuchukua uhai, huchukua kidogo, huandika, na hukumbuka kwamba huyo aliyemchukua alikuwa amekwisha kuhesabiwa na Mwingine.

Maswali ya Kujadili

1. Katika darasa lenu, je, mngemjibuje mtoto aliyeuliza swali msituni Rau? Jibu lenu lingekuwa tofauti kama buibui huyo angekuwa ndani ya nyumba, karibu na kitanda cha mtoto mchanga?

2. Kati ya haja, kiasi na hesabu, ni swali gani husahauliwa zaidi na watu wa eneo lenu wanapolima, kujenga au kupuliza dawa?

3. Je, mtu anaweza kuwa na maarifa mengi juu ya uumbaji na bado asiwe na Mithali 12:10 moyoni? Tabia hizi mbili zinawezaje kukua pamoja?

4. Sabato hii mchana, chagueni kiumbe kimoja kidogo na kukitazama kwa muda wa robo saa bila kukigusa. Wiki ijayo kila mmoja aeleze alichokiona ambacho hakukijua kabla.