Beki Hatajwi Kwenye Magoli

Mwaka 2010 Twiga Stars, timu ya taifa ya soka ya wanawake ya Tanzania, walicheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza, Afrika Kusini, wakafungwa mechi zote tatu. Katika ngome yao alikuwemo Sophia Mwasikili, beki aliyevaa kitambaa cha unahodha na baadaye kwenda kusakata kabumbu Uturuki. Kazi ya beki ni ngumu: akiokoa mara kumi hatutaji jina, akikosea mara moja tunalo mdomoni. Tulirudi fainali mwaka 2025, Morocco, tukatoka sare 1-1 na Afrika Kusini. Mzazi, beki wa kesho huenda yuko nyumbani kwako: jioni binti akirudi na ndoo ya maji kichwani, mtue, mwache akawahi mazoezi.