Mirathi ya mjane: Tusiikimbie Qur'an tukajificha nyuma ya mila



Ndugu Waislamu, Uislamu uliingia Tabora kwa miguu. Ulikuja na misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji. Leo Isevya, Gongoni na Ng'ambo tunajivunia historia hiyo. Misikiti tumejenga, Maulidi tunasoma, watoto wanakwenda madrasa. Lakini lipo fungu moja la dini ambalo wengi wetu tumeliacha njiani, nalo ni haki ya mwanamke katika mirathi.

Hali tunaijua sote. Mume anafariki. Kabla mjane hajatoka eda, kikao cha ukoo kimeshakaa, shemeji kapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, na nyumba inatafutiwa mnunuzi. Mjane akiuliza, anaambiwa kuwa mila haimpi kitu, atatunzwa na watoto wake. La kusikitisha ni kwamba shemeji huyo huyo, siku ya Ijumaa, yuko safu ya mbele.

Mila hiyo si maneno ya barazani tu. Mwaka 1963 serikali iliiandika katika tamko la sheria za kimila, kwamba mjane hana fungu ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Wajane wawili wa Shinyanga, jirani zetu, waliipinga mahakamani kwa kutumia Katiba. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa kanuni hizo zinabagua, lakini haikuzifuta. Rufaa yao ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro za nyaraka. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake ikasema wamevunjiwa haki zao.

Na Katiba inasemaje? Ibara ya 12 inasema binadamu wote ni sawa. Ibara ya 13 inakataza ubaguzi, na neno jinsia liliongezwa humo mwaka 2000. Ibara ya 24 inampa kila mtu haki ya kumiliki mali.

Sasa tujiulize, sisi tulihitaji kungoja mwaka 2000? Saad bin Rabii (RA) alipouawa Uhud, mjane wake alikwenda kwa Mtume (SAW) na mabinti zake wawili, akashitaki kwamba ami yao amechukua mali yote. Mtume hakumwambia akavumilie. Aya za mirathi katika Suratun-Nisaa ziliposhuka, alimwita yule ami akamwamuru awape mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, yaani moja ya nane, na kinachobaki ndicho chake. Ami ndiye aliyesubiri hadi mwisho!

Wapo watakaosema kuwa Uislamu humpa binti nusu ya fungu la kaka yake, hivyo haulingani na Katiba. Mjadala huo upo, na wanazuoni wana hoja zao. Lakini tusiutumie kama pazia. Tunabishana juu ya nusu na nzima, huku mjane wa jirani yetu kapewa sifuri. Sifuri haimo katika Qur'an wala katika Katiba.

Mahakama ya mwanzo hutumia sheria ya Kiislamu au ya kimila kwa kutazama marehemu aliishi vipi na alikusudia nini. Hapo ndipo baadhi yetu hugeuka. Aliyezikwa kwa sala ya jeneza, mbele ya hakimu huambiwa alikuwa mtu wa mila! Kwa uso gani basi tunadai Mahakama ya Kadhi?

Ndugu yangu, andika wasia ukiwa hai, na useme wazi kuwa mirathi yako igawanywe Kiislamu. Maimamu, lisemeni hili juu ya mimbari. Na mjane akiitwa mahakamani, asiende peke yake.

Wabillahi tawfiq.