Tuandike Ngapi?

Kwenye kadi niliandika tano. Ukweli ni kwamba nilipiga saba, na tuliojua tulikuwa wawili.

Mombasa Golf Club iko kule Mama Ngina, si mbali kwa miguu kutoka Ngome ya Yesu. Mashimo 9, bahari iko chini yako, na klabu yenyewe ipo tangu 1911. Ami yangu ndiye aliyenipeleka. Kama kila mchezaji wa ridhaa, ninachotaka ni kitu kimoja: hendikapu ishuke.

Namba hiyo unajitengenezea mwenyewe, kwa kadi unazojaza. Kwa mfumo ulioanza kutumika duniani 2020, zinaangaliwa raundi zako 20 za mwisho, zinachaguliwa 8 bora, basi. Siku 12 mbovu umesamehewa. Mfumo una huruma hivyo, na bado tunaudanganya!

Watu wa gofu hupenda kujisifu kwamba mchezo wao hauna refa. Watakusimulia Bobby Jones, mchezaji wa ridhaa wa Marekani, aliyejiongezea mkwaju kwenye US Open ya 1925 kwa sababu mpira ulisogea na yeye peke yake ndiye aliyeona. Akatoka sare na Willie Macfarlane, kisha akashindwa kwenye marudio. Kisa kizuri, lakini huniudhi kidogo, manake kinafanya uaminifu uonekane ni jambo kati yako na Mungu wako tu. Huku kwetu kuna kedi, yule kijana anayekubebea fimbo. Yeye ameona kila kitu.

Aliniona nikipiga hewa mara mbili kwenye nyasi ndefu. Kanuni haina utata: ukikusudia kuupiga mpira ukaukosa, mkwaju unahesabiwa. Akangoja, halafu kwa adabu zote: "Tuandike ngapi, bosi?"

Hilo "tuandike" ndo limenikaa rohoni. Jibu alilijua. Aliniachia mlango wazi kwa sababu bakshishi yake iko mfukoni mwangu. Niliposema tano, nilimtia na yeye kwenye uongo wangu, na kimya chake nikakilipia. Naona hilo ni baya kuliko kudanganya ukiwa peke yako.

Jioni nilikaa karibu na Ngome na mihogo yangu ya pilipili, nikamkumbuka mama. Nilipoacha chuo, kwa miezi nilimwambia masomo yaenda vyema. Hakuniuliza matokeo hata siku moja. Nami nilidhani hajui.

Jumamosi iliyofuata, shimo lile lile, upepo wa kusi usoni. Sikungoja kuulizwa.

"Nane."

Akacheka, kwa mara ya kwanza. "Tisa, kaka. Umesahau ule wa mchangani." Kisha akanishika mkono wa kushoto, akausogeza kidogo kwenye fimbo. "Halafu unaikaba mno hii. Tangu siku ya kwanza."