Kupima Damu si Kupiga Ramli

Ikiwa damu kidogo yaweza kumwonyesha daktari ni mgonjwa gani wa saratani aelekeaye kudhurika na mionzi ya kumtibu, je, huko si kudai kujua yaliyofichika? Na akishajua, yafaa anyamaze?

Kwanza tulifahamu jambo lenyewe, kwani kuhukumu kabla ya kufahamu ni dhulma. Mionzi huua saratani, lakini huweza pia kuiumiza nyama nzima iliyo kando yake. Wagonjwa wawili hupewa kiasi kimoja. Mmoja akasalimika, na mwenziwe, baada ya miezi au miaka, nyama ikamkakamaa. Madaktari wa Montpellier, nchini Ufaransa, waliitafuta dalili katika damu. Huitoa kidogo kabla ya matibabu, wakaipiga mionzi ya grei 8, wakangoja siku mbili, kisha wakahesabu chembe nyeupe zilizokufa. Walioona ni kinyume cha mtu anavyodhani: wale ambao chembe zao hufa kwa wingi ndio wanaodhurika kidogo baadaye. Mwaka 2015 walitangaza khabari za wanawake 456 waliotibiwa saratani ya matiti. 64 kati yao walikakamaa titi. Kipimo kilikuwa hodari wa kumtambua atakayesalimika kuliko atakayeumia.

Basi, pana tofauti gani na ramli? Mpiga ramli hakosei kamwe: neno lake likienda kombo, husema masharti hayakutimizwa. Mpima damu huliandika neno lake mapema, akangoja miaka, kisha akahesabu mbele ya watu alipopata na alipokosa. Huyo hakudai ghaibu. Amesoma dalili, kama mvuvi wa Dunga asomavyo mawingu juu ya ziwa. Naye ajua kuwa dalili si hukumu.

Khatari iko kwetu sisi tunaosikia. Hapa Kondele ipo hospitali kubwa ya Jaramogi Oginga Odinga, iliyojengwa kwa msaada wa Warusi na kufunguliwa mwaka 1969. Lakini kwa miaka mingi mgonjwa wa Nyanza aliyehitaji mionzi ilimbidi afunge safari hadi Nairobi. Mwanamke aliyekwisha kuuza mbuzi wake kwa nauli, akiambiwa tu kwamba damu yake si nzuri kwa mionzi, huenda akarudi nyumbani. Atakuwa amekimbia ukakamavu usio na hakika, akaukabili ugonjwa ambao ukiachwa huua.

Kwa hiyo wako wasemao kwamba afadhali afichwe. Sisi hatukubali. Mwili ni amana yake, na maumivu yatakuwa yake. Mwenye kumficha amemfanya mtoto. Na mwenye kumpa khabari nusu amemtisha bure.

Kipimo hiki bado hakijaenea, lakini adabu yake yapasa itangulie. Daktari aseme yote: dalili, upungufu wake, na khasara ya kuacha dawa. Mgonjwa asikie, aulize, kisha achague. Jamaa wasimwite mwenye damu mbovu, wala mwenye kushika fedha asiifanye karatasi ya damu kuwa sababu ya kumnyima tiba. Elimu ya kutangulia kujua ni njema ikimzidishia mgonjwa uangalizi. Ikimfungia mlango, imekuwa ramli iliyovaa koti jeupe.