Mkojo Mweusi wa Mpwa Wangu na Somo Nililolisahau



Kila sifa njema ni ya Allah (S.W.), aliyetuumba na akaweka ndani ya miili yetu amana nyingi tusizoziona. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu katika imani, nawaandikia makala haya nikiwa na haya usoni, kwa sababu kosa ninalolieleza ni langu mwenyewe.

Kwetu ni Busia, upande wa Kenya. Dada yangu ameolewa Tororo, ng'ambo ya mpaka. Mwaka jana, wakati wa mvua za masika, alinipigia simu usiku. Mwanawe wa miaka sita alikuwa na homa kwa siku ya pili, anatapika, na mkojo wake umekuwa mweusi kama chai ya rangi iliyokolea. Mama mkwe alikwisha kusema kuwa hilo ni jicho la hasidi. Dada akaniambia, "Kaka, wewe ndiye unayesoma dini. Tufanyeje?"

Nikamwambia amsomee al-Fatiha na al-Muawwidhatayn, ampe maji aliyoyasomea, awe na subira mpaka tuone. Sikumuuliza swali hata moja. Nilikata simu nikiwa nimeridhika kuwa nimetoa nasaha.

Dada alisubiri kwa sababu mimi nilimwambia asubiri. Jioni ya pili mtoto alikuwa hakojoi kabisa, macho yamegeuka manjano, hata kuitika hawezi. Wakampakia kwenye bodaboda mpaka hospitali. Ilikuwa malaria kali, damu imepungua sana, na figo zimeanza kushindwa kazi. Nilipovuka Malaba na kufika wodini, daktari alikuwa anauliza, "Mama, huu mkojo ulibadilika lini?" Nikatazama sakafu. Dada akajibu, "Juzi." Akanyamaza. Hakunitaja.

Mtoto alichomwa sindano za malaria, akaongezwa damu, akahamishiwa hospitali kubwa. Alhamdulillah, baada ya siku kadhaa alianza kukojoa tena. Sijawahi kufurahi kiasi kile kwa habari ya mkojo.

Ndugu zangu, jambo hili si la nyumba yetu peke yake. Tororo inajulikana na watafiti wa malaria duniani kote. Vipimo vilivyochukuliwa huko mwanzoni mwa miaka ya 2000 vilikadiria kuwa mtu mmoja huumwa na mbu wenye vimelea zaidi ya mara 500 kwa mwaka. Mwishoni mwa 2014 ulianza unyunyiziaji wa dawa majumbani na wagonjwa wakapungua sana, ingawa baadaye malaria ilirudi juu. Na madaktari wa mashariki mwa Uganda, hasa Mbale na Soroti, wameandika kuhusu watoto wengi wanaofikishwa kwao wakiwa na homa na mkojo mweusi.

Nilieleweshwa hivi: ugonjwa unapopasua chembe nyekundu za damu kwa wingi, rangi ya damu ile huchujwa na figo na kutokea kwenye mkojo. Ule weusi ni damu iliyovunjika. Figo zikishambuliwa namna hiyo, huku mtoto ametapika na kukaukiwa maji, zinaweza kusimama. Kila saa ina thamani. Utafiti uliofanywa Uganda umeonyesha pia kuwa mtoto aliyenusurika na malaria kali iliyogusa figo anaweza kubaki na hatari ya ugonjwa sugu wa figo. Ndiyo maana mpwa wangu, ingawa anacheza mpira leo, bado anarudishwa kupimwa mkojo na damu.

Sasa nijihoji mimi, mwanafunzi wa fiqhi. Mlango wa kwanza tuliofundishwa ni twahara. Nauelewa mkojo vizuri sana. Najua tofauti ya mkojo wa mtoto mchanga wa kiume anayenyonya tu na wa msichana. Najua namna ya kuistinji, na hukumu ya mtu asiyeweza kuuzuia mkojo, kwamba anatawadha kwa kila swala ya faradhi. Lakini dada aliponiambia kuwa mkojo ni mweusi, elimu yote ile haikunifaa kitu, kwa sababu nilizoea kuujua mkojo kama najisi ya kuondolewa, si kama habari inayotoka ndani ya mwili wa mtoto.

Hebu tukirudie kisa tunachokijua sote, alichokipokea Anas (R.A.), cha bedui aliyekojoa msikitini. Maswahaba walitaka kumzuia. Mtume (S.A.W.) akawakataza wasimkatize, akamwacha amalize, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale. Imamu Nawawi, katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, anataja miongoni mwa hekima zake kwamba kumkatiza mtu katikati ya haja yake kungemdhuru. Yaani ndani ya msikiti wa Mtume, mbele ya najisi ya wazi, afya ya mwili wa yule mtu ilizingatiwa. Ardhi ingeoshwa baadaye.

Na kipo kisa kingine, kimo katika Sunan Abi Dawud, ambacho sikukumbuka mpaka nilipokuwa nimekaa nje ya ile wodi. Mtu mmoja alipasuliwa kichwa kwa jiwe safarini, kisha akahitaji josho. Akawauliza wenzake kama ana ruhusa ya kutayamamu. Wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akawahesabu kuwa ndio waliomuua, na akafundisha kuwa tiba ya asiyejua ni kuuliza. Wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa watu wa dini walioulizwa jambo wasilolijua, wakaona haya kusema hawajui. Nilijiona mimi mle.

Sisemi kisomo hakina nafasi. Kisomo ni haki, na dada yangu aliendelea kumsomea mwanawe kando ya kitanda huku dripu ikitiririka. Kosa langu ni kuvifanya kisomo na hospitali kuwa vitu viwili vya kuchagua, ilhali Mtume (S.A.W.) alituhimiza tujitibu na akatufahamisha kuwa kila maradhi yameteremshiwa dawa. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sheria.

Basi nasaha zangu ni hizi, kwangu mwanzo kisha kwenu.

Kwanza, tunaporudi nyumbani likizo tuwafundishe mama na dada zetu kuutazama mkojo wa mtoto mgonjwa kabla ya kuumwaga. Ukiwa mweusi, mwekundu au umekatika, au mtoto akiamka uso umevimba, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Pili, mtoto mwenye homa asipewe ovyo dawa za maumivu za dukani kama diklofenaki na ibuprofeni. Zinaweza kuumiza figo zilizokaukiwa. Mizizi ya kienyeji isiyojulikana nayo iachwe.

Tatu, wadogo zetu walioko shuleni, hasa wasichana, wengi hubana mkojo kutwa kwa sababu vyoo ni vichafu au havina mlango, na hawanywi maji ili wasihitaji kwenda. Huko ni kukaribisha maradhi ya njia ya mkojo. Jumuiya yetu ikipanga sadaka ya mwaka huu, tufikirie mlango wa choo na pipa la maji.

Nne, tukiitwa "ustadhi" na tukaulizwa tusilolijua, tuseme "sijui, mpeleke kwa daktari, nami namwombea." Jumla hiyo fupi ingempa mpwa wangu siku nzima.

Ewe Mola wetu, waponye watoto wetu wa pande zote mbili za mpaka, utusamehe tuliyoyatamka bila elimu, na utujaalie elimu yenye kuwafaa waja wako. Amin.

Wa billahi tawfiq.