Kumwita mutu munene: ni kweli ao ni tusi?

Toka mwisho wa miaka ya 1990 wafanyabiashara wengi wa Afrika, Wakongo wakiwa kati yao, wanaenda kununua bidhaa kule Guangzhou, kusini mwa China. Luga ya asili ya mahali pale ni Kikantoni, inayosemwa pia Hong Kong. Wenye luga ile hawaogopi kutaja mwili wa mutu. Tujiulize: adabu yao iko wapi?

Sokoni muuzaji anamwita mwanamke leng neui, ni kusema binti muzuri, na mwanaume leng jai, kijana muzuri. Hata mama mwenye mvi anaitwa vile. Si uongo, ni salamu tu. Lakini angalia sauti: ukiipandisha kwenye leng ya leng jai, unamwita mutu katoto kasikojua kitu. Sisi wa Kiluba ao Lingala tunaelewa: sauti ikipanda, neno linageuka.

Fei maana yake munene. Lydia Shum, mwigizaji aliyefariki mwaka 2008, watu wa Hong Kong walimwita Fei Fei, Munene-Munene, kwa mapendo. Lakini ukimwita mama usiyemjua fei po, umemtukana.

Wengine kwetu wanasema: neno la kweli haliwezi kuwa tusi. Sisi hatukubali. Kiwete ni kiwete kweli. Lakini ukiacha jina lake na kumwita «kiwete», umechukua mguu mmoja na kuufanya kuwa mutu muzima. Rafiki anaweza kutania kwani anajua yote yanayobaki: kazi yake, watoto wake, huzuni yake. Mugeni anajua mwili tu.

Mababu walijua hayo. Kwa makabila yetu mengi, babu anamwita mujukuu wake «muke wangu», wote wanacheka. Neno lile lile, nani atathubutu kumwambia mama mukwe? Na «umenenepa» inamfurahisha aliyetoka kwenye ugonjwa, lakini leo binti wa mujini anaweza kulia juu yake.

Basi, kweli peke yake haitoshi, inaomba ruhusa. Anayeitwa njo mwenye kutoa ruhusa ile, si anayeita. Ukifika kwa watu, Guangzhou ao Bukavu, uliza jina kwanza. Utani utakuja nyuma, kama wakikupa.